Bustani ya Umma na Wenyewe

Tuzungumzapo juu ya utamaduni, fikira zetu huelekea kwenye ngoma, ushairi na uchongaji. Ni mara chache tukumbukapo kwamba kuipanga ardhi kwa miti, maji na njia nako ni sanaa, na kwamba sanaa hiyo hudhihirisha mamlaka yamo mikononi mwa nani.

Huko Ufaransa, katika miaka ya 1660, André Le Nôtre alianza kumpangia Mfalme Louis XIV bustani za Versailles. Njia zilinyooshwa, miti ikapandwa safu safu, na jumba la mfalme likawa kitovu cha yote. Karne mbili baadaye, fikira mpya ilichipuka katika miji ya viwanda. Mwaka 1847 ilifunguliwa bustani ya Birkenhead, Uingereza, iliyotengenezwa kwa fedha za umma kwa matumizi ya watu wote. Mmarekani Frederick Law Olmsted aliizuru mwaka 1850, akavutiwa kuona maskini na tajiri wakiifaidi sawasawa.

Mwaka 1858 Olmsted na mwenzake Calvert Vaux walishinda shindano la kuichora Central Park ya New York. Barabara nne zinazoikatiza bustani hiyo walizishusha chini ya usawa wa ardhi, ili magari ya farasi yapite bila kuwasumbua waendao kwa miguu. Kanuni hiyo ya kutenga njia za magari na za watu ingali ikifuatwa na wachoraji wa miji hata leo.

Hata hivyo, tusisifu bila kupima. Kabla ya kazi hiyo, kufikia mwaka 1857, wakazi wa kijiji cha Seneca, wengi wao Wamarekani Weusi wenye nyumba na makanisa yao, waliondolewa kwa amri ili kuipisha bustani. Iliyoitwa ya umma ilianza kwa kuwahamisha baadhi ya umma huo huo.

Suala hili limetufikia pia Afrika Mashariki. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, akiufananisha na kujenga ndani ya Hyde Park ya London au Central Park. Jumba hilo halikujengwa.

Basi, tuwafundishapo vijana kuchora ramani ya mji, yatupasa kuwazoeza kuuliza mapema: ni nani atakayehamishwa, na ni nani atakayekaribishwa kivulini?