Uvimbe wa Taya na Kipimo cha Fosfeti

Mtoto mwenye saratani ya taya akianza dawa, damu yake hupimwa tena na tena. Kwa nini?

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Mwaka 1958 aliandika juu ya ugonjwa huo. Mwaka 1961, yeye na madaktari wawili walisafiri kwa gari wiki kumi hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ugonjwa ulionekana zaidi kwenye joto na mvua, mahali penye malaria nyingi, kama kwetu Homa Bay na Migori. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Uvimbe huu hukua upesi, na ukipata dawa huyeyuka upesi. Chembe zake zikifa kwa wingi humwaga fosfeti kwenye damu. Figo zikilemewa, fosfeti huzidi na kushusha kalsiamu. Mtoto anaweza kupata degedege, na figo zikaharibika. Kipimo humwonya daktari mapema, naye humwongezea mtoto maji ya mshipa na dawa.

Kwa hiyo, mama, usikatae damu ikichukuliwa tena. Ukiona mkojo umepungua au mtoto anashtukashtuka, mwambie nesi mara moja. Na wewe uliye nyumbani, mtoto akivimba taya au tumbo, au meno yakilegea bila sababu, usingoje. Mpeleke hospitali leo.