Dharura ya meno

Dharura ya meno ni tatizo la ghafla la meno, ufizi au taya linalohitaji tiba ya haraka. Mifano ni jipu la jino, damu isiyokoma baada ya jino kung'olewa, na taya kuvunjika.

== Dalili za hatari ==
Hatari kubwa ni uvimbe unaoenea chini ya taya hadi shingoni. Mgonjwa akishindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, apelekwe hospitali mara moja, hata usiku, kwa kuwa njia ya hewa inaweza kuziba. Antibiotiki za duka la dawa pekee hazitoshi: usaha hutolewa na jino lenyewe kutibiwa.

== Jino lililong'oka kwa ajali ==
Jino la utu uzima lishikwe upande wa kutafunia, si mzizi. Lisuuzwe kidogo bila kusuguliwa, kisha lirudishwe mahali pake au liwekwe katika maziwa. Inafaa kumfikia daktari ndani ya saa 1. Jino la utoto halirudishwi.

== Shinyanga na Geita ==
Kwa kawaida zahanati haina daktari wa meno. Hivyo mgonjwa kutoka machimbo madogo ya dhahabu, kama Nyarugusu, huhitaji kufika hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa. Wenye hali mbaya zaidi hupelekwa Bugando, Mwanza. Tangu Daraja la J.P. Magufuli (Kigongo–Busisi) lifunguliwe mwaka 2025, gari la wagonjwa kutoka Geita halisubiri tena kivuko.