Robine ya jikoni: namna maji yalivyoingia mu nyumba zetu za Lubumbashi



Siku hizi kwetu Lubumbashi watu wengi wanatengeneza nyumba. Wengine walirizi nyumba ya wazazi ku Kenia ao ku Katuba, wengine wanakaa mu nyumba za zamani za kambi. Wanavunja ukuta, wanaweka karo, wanapaka rangi, kisha wanafika jikoni. Pale linatokea ulizo lenye kuonekana dogo: tutaweka robine gani? Mama anapenda ile yenye kung'aa, baba anauliza bei, na fundi naye ana mawazo yake. Sisi tunaona kwamba ulizo hilo ni la historia mbele ya kuwa la bei. Mwenye hajui namna maji yalivyofika mu nyumba zetu atachagua robine kwa macho tu.

1. Mtungi

Mbele ya robine kulikuwa mtungi. Bankambo wetu walijenga karibu na mto ao chemchem, na maji yalipanda kijijini ku kichwa cha mama na cha binti. Mtungi wa udongo uliwekwa mu pembe yenye baridi, ukafunikwa, na kikopo juu yake. Mgeni akifika, kitu cha kwanza kilikuwa maji; habari na chakula vilifuata nyuma. Kumnyima mtu maji ya kunywa kulikuwa jambo la haya, hata kama mulikuwa na ugomvi naye.

Tuangalie vizuri: maji yalikuwa kazi ya mikono, na kila mtu alijua uzito wake. Mwenye alibeba mtungi toka mtoni hakumwaga ovyo. Lakini mto wenyewe haukuwa wa mtu mmoja. Kazi ilikuwa ya kila nyumba, maji yalikuwa ya wote. Desturi hiyo ndiyo iliingia mjini pamoja na wazee wetu, na mji ukaipima.

2. Maji ya mji

Mji wetu ulianza mwaka 1910, wakati njia ya reli ya kutoka kusini ilipofika. Uliitwa Elisabethville mpaka mwaka 1966. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji watu wengi kwa shaba yake, na watu wengi waliolundikwa pahali pamoja bila maji safi walipatwa na magonjwa ya tumbo. Kwa hiyo mu miaka ya kwanza maji hayakuletwa kwa kupendeza watu. Yaliletwa juu kazi isisimame. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilipoamua kumshika mfanyakazi pamoja na bibi na watoto wake, nyumba za kambi zikawa nzuri zaidi, na maji yakasogea karibu.

Lakini yalisogea kwa kipimo. Mji ulikatwa sehemu mbili: upande wa Wazungu na upande wa weusi, na kati yao eneo tupu. Upande wa kwanza robine iliingia mpaka jikoni. Mwenye kuifungua alikuwa mara nyingi mpishi mweusi, na jioni yeye mwenyewe alirudi kuchota inje, ku boyeri ao ku fontene ya kartiye. Tangu mwaka 1939 kulikuwa Regideso kwa kugawa maji mu koloni, na tangu mwaka 1952 Office des Cités Africaines ilijenga nyumba nyingi mu miji mikubwa. Hata hivyo, kwa jamaa nyingi za cité robine ilibaki kitu cha inje: chuma kimoja ku nguzo ya saruji, mstari wa ndoo, na wamama wakingojea zamu.

Neno lenyewe lilikuja na Wabelgiji. Kwa Kifaransa robinet linatoka ku Robin, jina walilomwita kondoo, kwa sababu robine za zamani kule Ulaya zilichongwa mfano wa kichwa cha kondoo. Ndugu zetu wa pwani wanasema bomba, neno walilopata kwa Wareno. Kila upande ulipokea jina toka kwa yule aliyekuja na chombo.

Ku fontene ile, desturi ya mto iliendelea. Habari za kartiye zilipita pale, ndoa zilianzia pale, magomvi pia. Wazee wetu walipopata robine mu lupango lao wenyewe, waliisimamisha inje, katikati ya nyumba na njia, jirani aweze kusema, « Mama, unipatie mayi kidogo », bila kuingia ndani.

3. Robine inakauka

Kisha ukaja wakati mugumu. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines ikaanza kushuka kwa haraka. Tiyo za zamani zilichakaa, na mji uliendelea kukua. Wengi walichimba visima mu lupango, wenye uwezo waliita watu wa foraji. Tukajifunza kuamka usiku kusikiliza kama robine inapumua. « Mayi iko? » ikawa salamu ya asubuhi.

Sheria zilisema mengine. Katiba ya mwaka 2006, mu kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kuwa na nyumba ya heshima na kupata maji safi ya kunywa. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ilifungulia wengine kazi ambayo Regideso ilifanya peke yake. Lakini haki iliyoandikwa haijazi bidoni, na mtu mwenye kujenga jikoni lazima ajenge kwa maji yenye kuwa kweli.

4. Basi, robine gani?

Hapa historia inatushauri. Robine nyingi za magazini zilifikiriwa kwa miji ambayo maji hayakatike. Ile yenye mkono mmoja, wa kuchanganya maji ya moto na ya baridi, ilitokana na wazo la Mmarekani Alfred Moen. Alipokuwa mwanafunzi mwaka 1937 maji ya moto yalimshtua mikononi, na robine yake iliuzwa mara ya kwanza mwaka 1947. Ni chombo kizuri. Lakini kama nyumba haina mashine ya kupasha maji, nusu ya robine hiyo ni pambo.

Kuna tena jambo la nguvu ya maji. Tanki likisimama metre 10 juu ya robine, linatoa nguvu ya bar 1. Tanki letu la juu ya mnara wa metre 3 linatoa karibu 0,3 tu. Robine nyingi za mkono mmoja zina njia nyembamba ndani na zinahitaji karibu bar 1. Ku tanki letu zitatoa uzi wa maji, na bukari itangojea. Ile ya kuzungusha, yenye kipira ndani, inaacha njia pana. Kipira chake kikichoka, fundi wa kartiye anakibadilisha kwa franga kidogo. Ile ya seramiki inafungika kwa robo ya mzunguko na haichoke mbio, lakini mchanga wenye kuja na maji ya kwanza, kisha siku za ukavu, unaikwaruza. Mwenye kuitaka aweke kichujio mbele yake.

Angalieni pia shingo: iwe ndefu kiasi cha kupitisha sufuria kubwa na ndoo, maana jikoni kwetu haioshewe vikombe tu. Pimeni uzito mkononi: ya shaba nzito inadumu, nyepesi yenye kupakwa mng'ao inavunjika ku mizizi yake. Na chini ya evye muweke vane ya kufunga. Wengi wanafungua robine maji yakiwa hayako, wanasahau, na usiku wa manane maji yanarudi na kujaza nyumba. Ile ya kuzungusha ina ubaya wake hapo, kwa kuwa macho hayaone kama imefungwa. Ya mkono inaonekana kama imeinuliwa.

Tuseme neno moja la uchungu. Robine nzuri ni ya laiton, ndiyo kusema shaba iliyochanganywa na zinki. Shaba ni ya Katanga yetu. Zinki ilichimbwa Kipushi, pale karibu, mu mgodi uliofunguliwa mwaka 1924, ukafungwa mwaka 1993, na kuanza kutoa tena mwaka 2024. Udongo wetu unabeba vyote viwili, lakini robine tunainunua ikitoka ngambo, ndani ya karto.

5. Na ile ya inje?

Kila mara fundi anapoingiza robine jikoni, ulizo la pili linafuata: ile ya lupango tuikate? Wengi wanaikata, na sababu zao si za roho mbaya. Fakture inakuja kwa jina la mwenye nyumba, wapangaji wanabishana juu ya nani alichota mingi, jirani anaosha motokari kwa maji ya mwingine. Tunasikia malalamiko hayo na tunayapa haki yake.

Lakini tunapoikata, tunajenga tena ule mpaka wa zamani: wenye maji ndani, na wengine wakiwa na bidoni ku njia. Tofauti ni kwamba safari hii tunaujenga sisi wenyewe. Njia zingine ziko. Kontere ndogo kwa kila mpangaji. Saa za kuchota. Mchango wa mwezi wenye kuandikwa mu kayé mbele ya wote. Kufuli ku robine na ufunguo kwa mama mmoja mwaminifu. Wazee wetu ku fontene walipanga zamu bila karani. Sisi wenye kusoma hatuwezi kushindwa.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mutengeneze majiko yenu vizuri, mupumzishe vichwa vya binti zenu. Muchague robine kwa kufuata maji mulio nayo. Na fundi akiuliza kama akate ile ya inje, mukumbuke mtungi na kikopo juu yake. Robine ya ndani ni ya nyumba. Ya inje ni ya watu.