Tabaka: Historia ya Bakuli la Jiwe

Gari la mizigo linalotoka Tabaka, kusini magharibi mwa mji wa Kisii, huonekana halijajaa hata nusu, lakini matairi yake yamebonyea. Ndani ya masanduku mna mabakuli, sahani, vikombe vya mayai, vibweta vya sukari na visahani vya kuwekea glasi, vyote vya jiwe. Kenya nzima inalijua jiwe la Kisii kwa vinyago: twiga, kifaru, mama na mtoto, watu waliokumbatiana wakawa mwili mmoja. Vinyago ndivyo vilivyolipeleka jina la Tabaka ng'ambo. Vyombo vya mezani vilikuwapo kabla ya vinyago, na hadi leo ndivyo vinavyotumia mabaki ambayo mchonga sanamu hana la kuyafanyia.

Tabaka imo katika Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii, kwenye vilima vya migomba. Chini ya migomba hiyo kuna mwamba ambao zamani ulikuwa wa volkano. Maji ya moto yaliyopenya ardhini kwa muda mrefu yaliyageuza madini yake, ukabaki mwamba laini unaokubali kisu. Rangi zake ni nyingi: nyeupe, ya maziwa, ya kijivu, ya waridi, na mara chache nyeusi. Wekundu hutokana na chuma. Mawe ya rangi mbili tofauti huweza kutoka katika shimo moja, na mchongaji mzoefu hulizungusha bonge mkononi mwake kwanza, aone mshipa wa waridi unapita wapi, ndipo aamue kama litakuwa sahani au kijiko.

Kabla ya watalii, Abagusii, wenyeji wa Kisii, walilitumia jiwe hili kwa mahitaji yao wenyewe. Walichonga mabakuli, viko vya tumbaku na mbao za kuchezea bao, na unga wake walijipaka mwilini siku za ngoma na sherehe. Halikuwa chombo pekee cha nyumbani. Maji yalikaa katika vyungu, maziwa katika vibuyu, na obokima, ugali wa wimbi, uliandaliwa katika ekee, kikapu kilichosukwa kwa ustadi. Jiwe lilikuwa na nafasi yake kati ya hivyo: chombo kizito kisichopinduka ovyo, kisichonyonya mafuta kama mti, na kinachodumu kuliko udongo.

Pwani nayo iliwahi kupakua chakula katika jiwe, ingawa halikutoka Gusii. Kaskazini mwa Madagaska, mafundi wa enzi za kati walichimba jiwe laini la kijani-kijivu na kuchonga vyungu vyenye vifuniko, vingi vikiwa na miguu mitatu. Makaburi ya kale ya Vohemar yametoa vyombo hivyo pamoja na bakuli za kauri za China. Majahazi yalivipeleka Komoro na miji ya Waswahili, na vipande vyake vilifukuliwa Kilwa katika uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Neville Chittick. Kazi hiyo ya Madagaska ilikufa karne nyingi zilizopita. Ile ya Tabaka haikuwa na bandari wala jahazi, na ndiyo iliyofika wakati wetu.

Serikali ya kikoloni ilifungua kituo chake Getembe, mji wa Kisii wa leo, mwaka 1907. Nyuma ya maafisa walikuja wamisionari na wafanyabiashara, na pamoja nao aina mpya ya mnunuzi: mtu asiye na haja ya bakuli la kulia, anayetaka kitu cha kupeleka kwao. Vyombo vikaanza kubadilika. Bakuli likapata nakshi ukingoni. Kikatokea kisahani cha majivu ya sigara, kinara cha mshumaa, na kisanduku chenye kifuniko. Mteja mpya alitaka pia wanyama, na wanyama wakawa mlango wa kinyago.

Baada ya uhuru wa 1963, utalii ulipokua, biashara ilipanuka kuliko wakati wowote. Hapo ndipo linapoingia jina la Elkana Ong'esa, aliyezaliwa Tabaka mwaka 1944 katika ukoo wa wachongaji. Alisoma sanaa Makerere, akawa mwalimu na msanii, na sanamu yake ya ndege, Enyamuchera, ikasimamishwa kwenye makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Kuanzia hapo kijana wa Tabaka aliweza kusema kuwa kazi ya baba yake ni sanaa, na dunia ikamwelewa. Wakati huohuo, katika mamia ya nyua ambazo hazikupigwa picha, watu waliendelea kuchonga sahani, kwa kuwa sahani hununuliwa kwa dazeni na sanamu hununuliwa moja moja.

Kila sanamu huacha mabaki. Bonge la kifaru likishapunguzwa kwa msumeno na panga, pembeni hubaki vipande: kimoja kinene kama tofali, kingine bapa, vingine vidogo vya kujaza ndoo. Katika uwanja wa mchongaji vipande hivi havitupwi. Kinene hugeuzwa bakuli la matunda. Kilicho bapa huwa sahani, ubao wa kukatia jibini au seti ya visahani vya kuwekea glasi. Kilicho kirefu na chembamba huwa kijiko au upawa. Kidogo kinachotoshea kiganjani huwa kikombe cha yai, kibweta cha chumvi au kisahani cha sabuni. Vya chini kabisa huishia kuwa kete za sataranji, mioyo, mayai na shanga. Hata nyufa hupangiwa kazi: fundi hulikata jiwe palepale ufa ulipo, akapata vitu viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa ambacho kingevunjika njiani.

Kazi huanza shimoni. Wachimbaji huondoa udongo wa juu kwa jembe na koleo, kisha huubandua mwamba kwa sururu na mtaimbo. Jiwe bichi, likiwa bado na unyevu wa ardhini, hukatika kwa wepisi. Likikaa juani huwa gumu. Kwa hiyo mchongaji hupenda kulifanyia kazi mapema, au hulilowesha kabla ya kuligusa.

Kwa bakuli, hatua ya kwanza ni panga au tezo: pembe huondolewa hadi kipande kiwe na umbo la mviringo. Fundi huchora duara juu yake, mara nyingi kwa kuzungusha kalamu kando ya kifuniko au bakuli jingine, kisha huchimba ndani kwa patasi na kisu kilichopindwa ncha. Hapa ndipo palipo na hatari. Ukuta ukiwa mnene, bakuli litakuwa zito na mnunuzi atalirudisha mezani. Ukiwa mwembamba mno, litapasuka mikononi, na kazi ya asubuhi nzima itarudi kwenye ndoo ya mabaki. Fundi hupima kwa vidole viwili, kimoja ndani na kimoja nje, na hugonga ukingo asikilize sauti, kwa maana jiwe lenye ufa halilii sawa na jiwe zima.

Likishachongwa, huhamia mikono mingine. Tabaka ina mgawanyo wa kazi unaojulikana: kuchimba na kuchonga kumezoeleka kuwa kwa wanaume, kuosha na kupiga msasa kumekuwa kwa wanawake. Huketi na beseni la maji mbele yao, chombo kikiwa kimezama nusu, wakianza na msasa wa chembe kubwa uliolowa, kisha wa kati, kisha laini. Maji huzuia vumbi na huonyesha mikwaruzo ambayo jiwe kavu lingeificha. Msasa huo ndio unaofanya chombo kiwe cha mezani, kwa sababu mteja hugusa kabla ya kuangalia. Baada ya kukaushwa, jiwe husuguliwa kwa nta, na rangi yake ya asili hutokea.

Sahani nyingi hupitia hatua moja zaidi. Hupakwa rangi nyekundu, buluu au nyeusi, kisha mtu mwenye mkono mtulivu huchora kwa ncha ya chuma, akikwangua rangi hadi weupe wa jiwe uonekane. Hivyo ndivyo wanavyopatikana pundamilia wanaozunguka ukingoni na samaki walioko katikati.

Faida ya biashara hii hupimwa mbali na beseni. Kwa miaka mingi bidhaa zilipita kwa madalali waliozikusanya Tabaka na kuzipeleka Nairobi na Mombasa, ambako bei ilipanda mara kadhaa kabla ya chombo kufika dukani. Wachongaji walijibu kwa kuungana. Wakaanzisha chama cha ushirika na makundi ya kujisaidia, likiwamo Smolart, yaliyouza kupitia mtandao wa biashara ya haki. Vyombo vya Kisii vilipata rafu katika maduka ya Ten Thousand Villages nchini Marekani, shirika lililotokana na kazi aliyoianza Edna Ruth Byler mwaka 1946. Mnunuzi wa namna hiyo hulipa sehemu ya fedha mapema, na huleta pia masharti: vipimo vilevile, rangi ileile, sahani mia zinazopangika moja juu ya nyingine. Kwa fundi aliyezoea kufuata umbo la kipande alichokiokota, huo ni utaratibu mgeni.

Soko la nje lina udhaifu wake. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza watalii, na mwaka 2020 korona ikafunga viwanja vya ndege na masoko ya Kimaasai ya Nairobi ambako jiwe la Kisii huuzwa kwa wingi. Mara zote mbili Tabaka ilibaki na bidhaa nyuani. Uzito nao ni adui wa kudumu: kusafirisha jiwe ni ghali, na kila tabaka la karatasi lisilowekwa sandukuni ni bakuli linalofika vipande vipande.

Kuna gharama nyingine zisizoandikwa kwenye ankara. Mashimo huchimbwa kwa mkono, na mvua za Gusii ni nyingi. Kingo zilizolowa huporomoka, na mashimo yaliyoachwa hujaa maji katikati ya makazi ya watu. Msumeno unapokata jiwe kavu, vumbi laini hutanda, na anayelivuta miaka nenda miaka rudi huliweka mapafuni. Barakoa na kukata kwa maji ni kinga za bei nafuu. Bado ziko nyua ambako kijana hukata kavu, uso wake ukiwa mweupe kwa unga, kwa sababu maji ya kutosha yako mbali na oda ni ya kesho.

Kwa mnunuzi wa Nairobi, Mwanza au Mombasa, chombo hiki kina matumizi zaidi ya kukaa kabatini. Jiwe hutunza ubaridi, kwa hiyo bakuli lililokaa kwenye friji huweka matunda na kachumbari katika hali nzuri mezani. Kwa chakula, chagua lisilopakwa rangi. Lenye rangi na michoro ni la pambo au la matunda yenye maganda. Lioshe kwa mkono, usilipeleke mekoni, na usilitoe kwenye friji na kulimiminia mchuzi wa moto. Likififia, futa kwa mafuta kidogo ya kupikia.

Na ukilichagua, usikimbilie kupunguza bei. Muuzaji atakuambia kwa furaha nani alilichonga. Muulize pia nani alilipiga msasa, na alilipwa kiasi gani.