Jembe la Shule na Milima ya Ngara

Ndugu msikilizaji, kama ulisoma shule ya msingi nchini mwetu kabla ya mwaka 2000, bila shaka unaikumbuka sauti ya mwalimu wa zamu mstarini: kesho kila mtu aje na jembe. Mkosaji naye hakuwa na haja ya kuuliza adhabu yake. Alipimiwa hatua kumi kwa kumi nyuma ya vyoo, akaambiwa alime. Mimi nililima hatua hizo mara nyingi kwa sababu nilikuwa mtoro wa hesabu. Katika maongezi ya juma hili nataka tulitazame jembe hilo la shule, lilitoka wapi na lilifundisha nini, na nitalitazama kutoka Ngara na Biharamulo, wilaya mbili za Mkoa wa Kagera ambazo ardhi yake imepata misukosuko kuliko nyingi.

Kwa wewe uliye mjini, ambaye Kagera unaijua kwa ndizi na maharage ya sokoni, Ngara iko pembeni kabisa mwa nchi, pale mto Ruvubu unapoingia Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Ng'ambo ni Rwanda na Burundi. Ni nchi ya milima, na migomba imeshikilia mabega ya milima hiyo. Biharamulo iko mashariki yake, tambarare zaidi, yenye mapori makubwa. Zama za Waingereza mapori hayo yalijaa mbung'o, na watu wakahamishwa na kukusanywa pamoja ili kuwaepusha na ugonjwa wa malale. Ngara basi shida yake ni mteremko, Biharamulo shida yake ilikuwa pori.

Wazo la kumfundisha mtoto wa shule kilimo halikuanza na Uhuru. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey, msomi mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume ilishauri elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha ya kijijini, kilimo kikiwa mbele. Ushauri huo ulikuwa na busara yake. Lakini ulipotua mikononi mwa serikali ya kikoloni, wananchi waliona kitu kingine. Katika mkoa huu huu, shule ya Nyakato karibu na Bukoba iligeuzwa miaka ya 1930 kuwa ya kilimo, na wazazi hawakufurahi. Kulima walikwisha kujua. Walichotaka ni kalamu iliyokuwa ikimpa Mzungu na Mhindi mshahara, na wakashuku kwamba mtoto wao anapewa jembe ili asiifikie kalamu. Siwezi kuwalaumu.

Hifadhi ya ardhi nayo ilikuja na kiboko. Waingereza walikuwa sahihi kwamba udongo wa milimani unachukuliwa na maji, ila waliamrisha matuta bila kumshawishi mtu. Huko Uluguru amri ya kuchimba matuta ya ngazi ilizusha ghasia mwaka 1955. Wazee wengi nchini walibaki na kumbukumbu hiyo: makinga maji ni kazi ya serikali, na faini yake.

Hapo ndipo Mwalimu Nyerere alipokuta mambo. Machi 1967, mwezi mmodi tu baada ya Azimio la Arusha, alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi hulikumbuka kana kwamba liliagiza kila shule iwe na shamba. Sivyo. Mwalimu alitaka kila shule yenyewe iwe shamba, wanafunzi wakishiriki kupanga kilimo, kuweka kumbukumbu na kuamua mapato yatumikeje, ili mtoto aone faida ya mbolea au ya kulima kwa kukinga mteremko kwa jicho lake mwenyewe.

Kilichotokea katika shule nyingi unakijua. Miaka yenyewe ilikuwa ya haraka. Mwaka 1972 Chama kilitoa siasa ya kilimo pale Iringa, tukaimba kwamba siasa ni kilimo. Miaka ya 1974 na 1975 ukame ukatupiga, ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na shule zikatakiwa kuzalisha chakula. Redio nayo haikukaa kimya. Mwaka 1975 kulikuwa na kampeni ya Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali, watu wakikaa vikundi vikundi kusikiliza kipindi na kujadiliana. (Nakiri nina upendeleo hapa, ndio ugali wangu, lakini naamini vikundi vile vilifundisha kuliko mashamba mengi ya shule, kwa sababu mtu aliruhusiwa kuuliza.) Mwalimu wa darasa alipodaiwa magunia, alihesabu magunia. Nani angepata nafasi ya kueleza kwa nini mahindi ya upande huu yamekuwa ya njano?

Sisi tuliosoma Ngara miaka ya 1990 tulikiita kipindi hicho EK. Tulilima, tulipalilia, tulivuna, na mavuno yalikwenda tusikokujua. Shule sitaitaja, na wala haikuwa peke yake.

Kisha ikaja Aprili 1994. Nilikuwa darasa la tano. Tarehe 28 na 29, kwa muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Wilaya nzima ya Ngara ilikuwa na wakazi pungufu ya hao kwa hesabu ya sensa ya 1988. Kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara, ikawa mji mkubwa kuliko miji yetu mingi. Kila familia ilihitaji kuni za kupikia na miti ya kujengea, na wenye njaa hawaulizi mti ni wa nani.

Haki itendeke: si kila kilichokuja kilikuwa hasara. Wenyeji wengi walipata vibarua wa bei nafuu, wakapanua mashamba, wakauza ndizi kwa watu waliochoka mahindi ya msaada. Lakini vilima tulivyokwenda kutafuta uyoga vilibaki vipara. Wakimbizi wa Rwanda waliporudishwa kwao Desemba 1996, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, lilihesabu kilomita za mraba 570 za misitu ya Kagera zilizoguswa, na kati ya hizo 167 zimeharibiwa vibaya. Mvua za masika zilizofuata, maji yaliyoshuka bondeni kwetu yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Ni katika siku hizo nilipata somo pekee la EK ninalolikumbuka. Mwalimu mmoja, mgeni pale, alitupeleka kwenye mteremko wa shamba la shule bila majembe. Alikuwa amelima vipande viwili vidogo, kimoja mistari ikishuka na mteremko, kingine mistari imekata mteremko na kuzuiwa chini kwa ukanda wa nyasi. Akaweka beseni chini ya kila kipande, akamwambia mvulana mmoja amwage ndoo ya maji juu ya hiki, na nyingine juu ya kile. Beseni la kwanza lilijaa tope mara moja. La pili lilipata maji kidogo, tena karibu meupe. Hakutuhutubia. Aliuliza tu: tope hili lilikuwa chakula cha nani?

Nilifika nyumbani nikiwa na moto. Baba alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Shamba hili nimelilima kabla hujazaliwa." Mama ndiye aliyenipa pembe moja chini ya migomba, nadhani ili ninyamaze. Nikapanda majani ya tembo, moyoni nikitaka baba aone. Mwaka wa pili aliyakata kulisha ng'ombe, na mwaka wa tatu akaongeza ukanda mwingine juu yake, bila kuniambia neno.

Baada ya wakimbizi kuondoka, fedha za mazingira zilikuja wilayani, na vitalu vya miche vikachipuka mashuleni. Baadaye yakaja mashamba darasa ya wakulima wazima. Nimetembelea vitalu kadhaa. Vilivyokufa nilivikuta na kibao kizuri cha mfadhili. Pale palipobaki miti, nilikuta watoto walikuwa wamegawiwa miche wakapande kwao, na mwalimu akafuata kuiona. Si jambo la ajabu, mtoto hulinda chake.

Leo pia hakuna pa kukimbilia. Zamani, hasa Biharamulo, shamba likichoka mtu alifyeka jingine mbele. Tangu mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Upande mmoja tembo, upande mwingine jirani na watoto wake saba. Aidha migomba imeandamwa na ugonjwa wa mnyauko tangu miaka ya 2000, ambao husambazwa hata na panga lisilosafishwa. Ugonjwa wa namna hiyo hauzuiwi na kulima kwa nguvu. Hapo panatakiwa kijana anayejua kwa nini panga lipitishwe motoni na kwa nini ua dume likatwe mapema.

Nayasema haya kwa sababu jembe linarudi shuleni. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari, na kilimo kimo. Wazazi wa mjini nimewasikia wakinong'ona maneno yale yale ya wazazi wa Nyakato: mwanangu asije akapewa jembe watoto wa wakubwa wakapewa kompyuta. Wanayo haki ya kuuliza. Mimi ningeuliza zaidi: shamba la shule lina daftari? Nani anaandika humo, mwalimu au mwanafunzi? Mavuno yakiuzwa, darasa linaambiwa ni shilingi ngapi? Na mtoto akichelewa kufika asubuhi, bado anapimiwa hatua kumi kwa kumi?

Mwezi uliopita nilikuwa Ngara kumwona mama. Baba alikwisha kufariki. Ukanda wa majani ya tembo bado upo, na udongo umejikusanya nyuma yake hadi umekuwa kama ngazi, unafika magotini. Watoto wa jirani hupita hapo wakienda shule. Siku ile walikuwa na majembe begani, na nilipowauliza wanakwenda kujifunza nini, mkubwa wao alinijibu, "Tumechelewa jana, shikamoo."