Shabaha na Mamlaka: Historia ya Mazoezi ya Kulenga Bunduki katika Mwambao wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa, 1897 hadi 1979

Ikisiri

Historia ya silaha za moto kusini mwa Tanzania imeandikwa zaidi kama historia ya umiliki: nani alikuwa na bunduki na nani hakuwa nayo. Insha hii inachunguza swali lililo nyuma ya hilo, yaani nani aliruhusiwa kujizoeza kulenga. Kwa kufuatilia mwambao wa Ziwa Nyasa na nyanda za juu za Mbinga na Tingi tangu kujengwa kwa boma la Songea mwaka 1897 hadi Vita vya Kagera, insha inaonyesha kwamba siku ya shabaha haikuwahi kuwa jambo la burudani tupu katika eneo hili. Ilikuwa fursa iliyogawiwa na watawala, na mabadiliko ya ugawaji huo yanaeleza mengi kuhusu mabadiliko ya utawala wenyewe.

1.0 Utangulizi

Tingi leo ni kata ya Wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma, katika eneo ambalo kabla ya kuundwa kwa wilaya hiyo lilikuwa sehemu ya Mbinga. Magharibi yake ardhi huteremka kuelekea Mbamba Bay na ziwa; kusini uko mpaka wa Msumbiji. Ni eneo lililopitiwa na misafara ya watumwa na pembe za ndovu, mashambulizi ya Wangoni, majeshi ya Kijerumani na Kiingereza, na baadaye wakimbizi na wapiganaji wa vita vya ukombozi. Bunduki zimepita humo mara nyingi. Hata hivyo, kupitiwa na bunduki si sawa na kujua kuzitumia.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa hoja ya insha hii. Mtu huweza kupewa bunduki kwa siku moja, lakini shabaha haipatikani kwa siku moja. Huhitaji uwanja wenye tuta la kuzuia risasi, bango la kulengea, mkufunzi, muda na, zaidi ya yote, risasi za kupoteza. Risasi inayopigwa kwenye bango haileti kitoweo wala haimzuii adui; ni mali inayoteketezwa ili mkono na jicho vijifunze. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kujizoeza ni yule mwenye akiba, au yule ambaye mwenye akiba ameamua kumwamini.

2.0 Gobori na Uchumi wa Baruti

Katika karne ya 19 silaha ya moto iliyojulikana zaidi baina ya Kilwa na Ziwa Nyasa ilikuwa gobori. Mpigaji alimimina baruti kupitia mdomo wa mtutu, akaishindilia kwa mdeki, akaingiza gololi au vipande vya chuma, kisha akaweka fataki au baruti ya kuwashia. Kazi hiyo ilichukua muda, na kila hatua ilitegemea bidhaa iliyotoka mbali. Baruti ilifika kwa misafara, ikabadilishwa kwa pembe na watu.

Katika hali hiyo, kupiga bango kwa ajili ya kujifunza kungekuwa ubadhirifu. Ustadi wa mwindaji ulikuwa katika kunyatia: kusoma upepo, kufuata nyayo na kumkaribia mnyama kiasi kwamba upungufu wa silaha usimkoseshe. Wangoni kwa upande wao walijenga nguvu zao juu ya mkuki mfupi, ngao ya ngozi ya ng'ombe na mpangilio wa vikosi vya rika. Wamatengo walijihami dhidi yao katika mapango na majabali, kama yale ya Litembo na Mbuji. Kila upande ulikuwa na mazoezi yake ya kivita, na yalikuwa makali; ila hayakuwa mazoezi ya bunduki.

3.0 Boma la Songea na Shabaha ya Askari, 1897 hadi 1907

Wajerumani walipojenga boma Songea mwaka 1897, walileta utaratibu mpya kabisa. Askari wa jeshi la kikoloni alikuwa Mwafrika kama wale aliotumwa kuwatawala, lakini alifundishwa kwata, alipewa mshahara, na alipelekwa kwenye uwanja wa shabaha kwa ratiba. Bunduki yake kwa kawaida ilikuwa Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi ya milimita 11 na baruti nyeusi. Ilikuwa silaha iliyokwisha kupitwa na wakati Ulaya; wingu la moshi lilionyesha mahali alipo mpigaji kila alipofyatua. Pamoja na kasoro hiyo, askari aliyezoezwa aliweza kuijaza na kulenga tena wakati mwenye gobori angali anashindilia baruti.

Ni katika muktadha huu imani ya maji inapaswa kusomwa. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, mafundisho yaliyohusishwa na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yalisema kwamba dawa ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Dawa hiyo ilifikishwa Ungoni na Omari Kinjala, na watawala wa Kingoni, Mputa Gama wa Njelu na Chabruma wa Mshope, wakaingia vitani. Wanahistoria, hasa G. C. K. Gwassa na John Iliffe, wameonyesha jinsi imani hiyo ilivyounganisha watu wa makabila mengi. Jambo linaloongezwa hapa ni dogo lakini lina uzito: ahadi ya maji ilielekezwa hasa kwenye kile ambacho wapiganaji hawakuwa na njia ya kukipata. Mkuki waliuweza na ujasiri walikuwa nao. Kilichokosekana ni ulinganifu mbele ya risasi iliyolengwa, na ulinganifu huo haungepatikana bila miaka ya mazoezi ambayo utawala usingeiruhusu kamwe.

Matokeo yanajulikana. Mputa Gama alinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 pamoja na viongozi wenzake wengi. Waliojisalimisha walitakiwa kukabidhi silaha zao, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Baada ya hapo uwanja wa shabaha ulibaki mali ya boma peke yake.

4.0 Mchezo wa Walowezi na Mzinga wa Liuli

Wakati Mwafrika wa kawaida akinyang'anywa silaha, mlowezi alikuwa na haki ya kuifanya bunduki kuwa mchezo. Desturi hiyo aliileta kutoka kwao. Katika vijiji vya Ujerumani vyama vya walenga shabaha vilikuwa na sherehe za kila mwaka, ambapo aliyeangusha ndege wa mbao alitawazwa kuwa mfalme wa walengaji. Nchini Uingereza chama cha kitaifa cha bunduki kiliundwa mwaka 1859, wakati wa hofu ya kuvamiwa na Wafaransa, na mashindano yake ya kwanza yalifunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1860. Michezo ya Olimpiki ya Athens ya mwaka 1896 nayo ilikuwa na mashindano ya kulenga shabaha. Burudani hii, kwa hiyo, tangu mwanzo ilikuwa jirani wa jeshi: raia alicheza, na dola ikapata askari wa akiba bila kumlipa.

Usambara unatoa mfano ulio wazi. Vita vilipoanza mwaka 1914, walowezi wa Kijerumani wa kaskazini waliingia katika vikosi vya walenga shabaha, na baadhi yao walipigana Tanga mwezi Novemba chini ya Tom von Prince, aliyeuawa humo tarehe 4 Novemba. Jeshi la Waingereza na Wahindi, lililokuwa na watu wapatao 8,000, lilishindwa na kikosi cha takriban watu 1,000. Askari wa Kiafrika ndio waliokuwa wengi katika kikosi hicho, na shabaha yao pamoja na bunduki za rashasha ndiyo iliyoamua vita. Miongoni mwa ngawira zilizoachwa ufukoni zilikuwamo risasi zipatazo 600,000.

Mwambao wa Ziwa Nyasa ulikuwa umetangulia kuonyesha upande wa pili wa somo hilo. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, ilifika Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na sanamu ya Misri. Meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades tangu siku za amani, na habari za vita zilikuwa hazijamfikia.

Gwendolen ilikuwa na mzinga mmoja mdogo aina ya Hotchkiss. Ilifyatua kutoka umbali wa takriban mita 1,800, dhidi ya chombo kisichoweza kusogea wala kujibu. Hata hivyo, kwa mujibu wa masimulizi ya tukio hilo, makombora ya kwanza yalikosa au hayakulipuka. Mpigaji alikuwa mtu aliyewahi kupata mafunzo ya mizinga, lakini mikono yake ilikuwa imeyasahau. Hatimaye kombora moja lilipata. Berndt alipanda mtumbwi akaenda kwa hasira kumuuliza rafiki yake kama amelewa, akajikuta mateka. Magazeti ya London yalilitangaza tukio hilo kama ushindi wa majini.

Kisa hicho kimezoeleka kusimuliwa kwa kicheko. Kwa historia ya shabaha, kina maana nzito zaidi. Kinathibitisha kwamba ustadi wa kulenga haukuwa tabia ya asili ya taifa lolote: Mzungu asiyejizoeza alikosa meli iliyolala, na askari wa Kiafrika aliyezoezwa alishinda jeshi lililomzidi mara nane. Dai la kikoloni kwamba bunduki ya kisasa haimfai Mwafrika halikutokana na uwezo wa mkono wake. Lilitokana na hofu ya uwezo huo.

5.0 Kutoka Zuio hadi Wajibu: Mgambo wa Mpakani

Chini ya utawala wa Waingereza hali haikubadilika sana kwa mwanakijiji wa Mbinga. Aliyepata leseni kwa kawaida aliruhusiwa gobori, ilhali bunduki za kisasa zilibaki mikononi mwa maofisa, walowezi na wageni wa uwindaji. Badiliko kubwa lilikuja baada ya uhuru. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Maasi ya askari ya Januari 1964 yaliivunja imani ya serikali katika jeshi lililorithiwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Majuma machache baadaye, tarehe 25 Septemba, FRELIMO ilianza vita ng'ambo ya mpaka.

Kwa wakazi wa Tingi na mwambao, vita hivyo havikuwa habari za redioni. Wakimbizi walivuka kuja kaskazini, na Wareno waliweka kituo cha wanamaji Metangula, kwenye ziwa lile lile. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, uliotolewa baada ya mapinduzi ya Idi Amin na shambulio la Wareno dhidi ya Guinea, ulitaka wananchi wenyewe wawe walinzi wa nchi. Mgambo ukapanuliwa hadi vijijini.

Hapo ndipo uhusiano wa zamani ulipogeuzwa. Serikali iliyotawala eneo hili sasa ilimwita mkulima wa kahawa na mvuvi wa ziwani, ikamlaza kifudifudi mbele ya bango, ikamfundisha kubana pumzi, kuoanisha jicho na ncha ya mtutu, na kuvuta kifyatulio bila kukishtua. Katika mafunzo ya mgambo siku ya shabaha huja baada ya kwata na kuijua silaha. Mwanafunzi huhesabiwa risasi chache, na maganda hukusanywa baada ya kupiga. Hesabu hiyo inaonyesha mpaka wa imani aliyopewa: alikabidhiwa ustadi, hakukabidhiwa silaha, nayo ilirudi ghalani jioni. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambapo makumi ya maelfu ya wanamgambo waliingizwa jeshini, vilionyesha kwamba ustadi uliosambazwa hivyo haukuwa wa maonyesho.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha hatua tatu. Kwanza, uhaba wa baruti ulifanya mazoezi ya shabaha yasiwezekane kwa wengi. Pili, ukoloni uliyafanya kuwa kazi ya askari, mchezo wa mlowezi na mwiko kwa raia wa Kiafrika. Tatu, taifa huru liliyafanya kuwa wajibu wa mwananchi chini ya uangalizi wa dola. Hatua ya nne, ambayo mkulima wa Tingi angeenda uwanjani kwa hiari yake, akalipia risasi zake, akashindana na jirani yake na kurudi nyumbani akiwa amepumzika, haimo katika kipindi kilichochunguzwa. Sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, imeendeleza msimamo kwamba silaha ni jambo la usalama kwanza.

Msimamo huo una sababu zake katika mpaka uliopitiwa na vita vingi. Hata hivyo haupaswi kuchukuliwa kama hali ya asili. Burudani ya kulenga ilikuwapo katika ardhi hii kabla ya 1914. Kilichotofautiana ni ngozi ya aliyeruhusiwa kucheza. Mwanahistoria anayehesabu bunduki peke yake hataliona hilo. Anapaswa kuuliza pia nani aliruhusiwa kukosa bango mara kumi bila kuadhibiwa, kwa maana ni katika kukosa kwa salama ndiko mtu hujifunza kupata.