Huyu ni Wetu?

Machi 24, 2007 tulijazana kwenye hoteli ya chai hapa Isiolo, macho kwa TV. Mombasa ilikuwa imeandaa Mbio za Nyika za Dunia, na joto lilikuwa kali hadi Kenenisa Bekele mwenyewe akaacha mbio. Lakini mimi nakumbuka zaidi za wanawake. Alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya, raia wa Uholanzi tangu 2003. Nusu ya hoteli ilishangilia. Mzee mmoja akauliza, “Sasa huyu ni wetu ama si wetu?”

Kwa hesabu, hakuwa. Nafasi za wakimbiaji wanne wa kwanza wa kila timu hujumlishwa, na jumla ndogo ndiyo hushinda. Ile moja yake iliandikiwa Waholanzi. Ethiopia ikachukua dhahabu ya timu, Kenya fedha.

Mimi swali la mzee nilikuwa nalijua. Rafiki yangu wa mazoezi alikuwa ameandikwa jeshini, na kwenye mashindano ya taifa jeshi huwa na timu yake. Bila yeye, sisi tulimaliza watatu. Watatu si timu, bana. Tulirudi nyumbani bila hata pointi, yeye akinipungia mkono kutoka basi lao.